Shahidi wa Pili

Monika binti yangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimeketi katika chumba cha mbele, dirisha likiwa wazi, na ninakusikia huko nyuma ukicheka na mama yako kwa sababu ya sanduku lisilokubali kufungika. Jua bado liko juu ya paa la jikoni. Kesho asubuhi utapanda gari la Lamadi, pale Lamadi utashika la Mwanza, na kutoka Mwanza utachukua treni hadi chuoni. Kuhusu chakula, homa, marafiki na namna ya kulinda mizigo, mama yako amekwisha kusema, na anayajua kuliko mimi. Hayo nayapita.

Nakuandikia juu ya kitu kimoja kilichomo ndani ya sanduku hilo. Jana nilikuona ukiiviringisha ile ramani yangu ya maji, ukaitia katika kipande cha bomba, ukakilaza chini ya shuka. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameketi hapa hapa nilipo. Akakuambia, "Binti wa Katekista, soma upesi urudi. Hiyo karatasi ya baba yako utuchoree upya kwa vipimo vya kisasa. Mstari uwe uleule. Watu wanataka viwanja vyao vya barabarani. Maji yale hayakuwa na mwenzake, hayarudi tena." Nawe ukamjibu kwa adabu, "Nitaanza nayo, Mzee. Nitawaonyesha walimu wangu. Baba alifanya vema kwa kadiri ya taarifa alizokuwa nazo."

Nilikuwa nimeshika kikombe. Nikanywa chai yangu, nikaimaliza, nikakiweka kikombe chini.

Ulilolisema si kweli, mwanangu. Taarifa nilikuwa nazo. Kati ya watu walio hai, nje ya kiti cha maungamo, ni mimi peke yangu ninayelijua hilo, na usiposikia kutoka kwangu utaupeleka uongo wangu mpaka chuoni, ukaurudishe ukiwa umepigwa muhuri.

Nitaanza na mwanzo, maana wakati ule ulikuwa shule ya bweni, na uliikuta kazi imekwisha.

Ulikuwa msimu wa pili tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe kununua pamba. Unakumbuka jinsi malori yalivyoanza kuja, mengine yakiwa na majina ambayo hatujapata kuyasikia. Kila mnunuzi alitaka ghala kando ya barabara, na kila kijana alitaka kibanda karibu na ghala. Ardhi ya kando ya barabara ni ile mbuga ya udongo mweusi, tambarare, ambayo zamani iliachiwa mpunga na ng'ombe. Serikali ya kijiji ikaamua kuipima viwanja. Ndipo wilayani wakamtuma afisa mmoja wa ramani, kijana mpole, akaja na pikipiki na karatasi moja kubwa.

Aliitandaza juu ya meza ya ofisi ya kijiji, akaweka mawe kwenye pembe ili upepo usiichukue.

"Wazee," akasema, "kila mstari hapa ni kimo cha ardhi. Huu unapita kilimani, kwenye yale majabali. Unaofuata uko kule chini, karibu na mto Simiyu. Katikati hakuna kitu."

"Hakuna kitu vipi, na sisi tumo humo?" akauliza Fundi Masanja, yule mwashi aliyejenga kigango chetu.

"Ninyi mmo kwenye karatasi tupu, Fundi."

"Ndiyo maana hata dawa za zahanati hazitufikii."

Tulicheka wote, na yule kijana alicheka. Kisha akatueleza kwamba weupe ule haukuwa na maana kwamba nchi ni sawa kama meza. Maana yake ni kwamba aliyeipima zamani aliipima kwa mbali sana, na kila kilichokuwa kidogo kuliko hatua ya mistari yake kilimponyoka. Kwa maji yanayopanda kwa kimo cha goti au cha kifua, ramani ile ilikuwa kipofu. Akasema dawa yake ni moja: pale karatasi iliponyamaza, waulizwe watu na zitazamwe alama. Ukuta ulioliwa na maji. Mguu wa kihenge. Nyasi zilizonasa kwenye matawi. Kila alama iandikwe jina la aliyeionyesha. "Ila aandike mtu anayeaminika," akamaliza.

Wote wakanigeukia mimi.

Sikujivuna kwa sauti. Ndani nilijivuna. Nilikuwa nimesoma miaka minne kwa mapadre na miwili shule ya makatekista. Nilijua kuandika kwa mwandiko ulionyooka, na nilijua sheria. Nikajiwekea sheria moja ambayo yule afisa hakuiagiza: hakuna alama itakayoingia katika ramani kwa neno la shahidi mmoja. Wawe wawili au watatu, kama Maandiko yanavyotaka mtu anaposhitakiwa. Niliona ni haki. Hata leo siwezi kusema ni sheria mbaya. Ubaya ulikuwa kwa aliyeishika.

Tulifanya kazi ile kiangazi chote, mimi na Fundi Masanja. Hatukuwa na darubini ya kupimia. Tulikuwa na mpira wa maji wa waashi, ule mwembamba unaopitisha mwanga, ambao fundi huujaza maji ili kujua kama pembe mbili za msingi ziko sawa. Maji ya ncha hii na ya ncha ile husimama kimo kimoja, hata kama katikati pana kichuguu. Tulichukua alama moja ya mafuriko, tukaipigia kijiti, tukavuta mpira hadi kijiti kingine, na kingine, tukakibeba kimo cha maji ya zamani kuvuka mbuga kavu, hatua kwa hatua. Fundi hakunyamaza.

"Katekista, shika ncha yako vizuri. Mpira huu haujabatizwa, lakini haujawahi kusema uongo."

"Angalia mbele, Masanja."

"Naangalia. Nasema tu kwamba ungekuwa mtu, ungeufundisha sala."

Kwa namna hiyo tulipata alama nyingi za upande wa mto, na zote zilikuwa chini ya barabara. Zilikuwa alama za mafuriko madogo ya miaka ya karibuni. Watu wengi wa kijiji hiki, kama ujuavyo, waliletwa hapa wakati wa operesheni ya vijiji. Hawakuyaona ya kale. Na wao ndio waliokuwa waumini wangu, ndio niliowafuata nyumbani, wakaja wawili wawili, wakaonyesha, nikaandika. Nilipita karibu na matongo ya wazee, yale maboma yaliyohamwa zamani, ambayo sasa yamebaki miti ya minyaa tu na makaburi. Hakukuwa na tongo hata moja upande wa chini, kule kwenye mbuga. Wazee hawakujenga kule, wala hawakuzika kule. Nililiona jambo hilo kwa macho haya. Sikuliandika, kwa sababu minyaa haiapi.

Likabaki jiwe.

Unalijua jiwe pana lililo upande wa mashariki wa kijiji, ambapo mbuga inaanza kupanda. Unajua pia kwamba nilikuwa nikihubiri dhidi yake kila Kwaresima. Pale Sengi Minza, dada wa baba yangu, alikuwa na kibanda kidogo cha masamva, mizimu ya ukoo, na kila mwaka kabla ya mvua alimwaga unga juu ya jiwe na kuwaita wazee waliotangulia. Ninyi niliwaambia kwamba ni jiwe tu. Kigangoni niliwaambia watu kwamba katika nyumba ya baba yangu mambo hayo hayakuwapo. Sengi Minza hakuwahi kubatizwa, na hakuwahi kuniita Yohana.

Tulimwendea asubuhi moja. Fundi alibaki mbali kidogo, kisimani, akijaza mpira wake.

"Mwangaluka, sengi," nikasema.

"Mwangaluka, Masunga. Leo umekuja kulibomoa au kulipima?"

"Kulipima."

"Afadhali. Kulibomoa hungeweza, mgongo wako ni wa vitabu."

Nikamweleza kazi. Hakuuliza maswali. Aliinama, akaweka kidole chake juu ya ufa unaokatiza ubavu wa jiwe, juu kidogo ya goti lake. "Maji yalifika hapa. Si pale, wala si pale. Hapa." Kisha akachokoa ule ufa kwa kijiti. Ukatoka mchanga wa mtoni, mweupe, na maganda ya konokono wa majini, madogo kama punje za mtama. Mahali pale ni mbali na mto kiasi kwamba ng'ombe wakipelekwa kunywa hurudi wakiwa na kiu tena.

Akasema kwamba baba yake, babu yangu, alikuwa amesikia kwa wakubwa zake habari ya maji mengine kama hayo, na ndiyo sababu unga ulimwagwa pale na si kwingine. Palikuwa mwisho wa maji. Kila mwaka walikuja kuyakumbusha maji mpaka wao, na kuwakumbusha watoto.

"Nani mwingine alikuwapo ulipoyaona wewe?" nikauliza.

Akaniinulia uso. "Palikuwa na mbuzi. Palikuwa na mama yangu na kaka yangu. Palikuwa na mtoto wa kaka yangu, miaka tisa, amebeba unga katika kibuyu, analia kwamba utalowa. Mama yangu na kaka wamekufa. Huyo mtoto alikwenda kwa mapadre. Muulize yeye."

Nilitoa kidau cha wino wa muhuri nilichoazimwa ofisi ya kijiji, nikaandika maneno yake, akabonyeza kidole gumba chini yake. Alikitazama kidole kile cheusi, akakifuta kwenye nyasi. "Kimeshaapa kwa jiwe," akasema. "Kwa karatasi hakishindwi."

Mtoto yule alikuwa mimi, Monika. Ninakumbuka maji yakiwa yamesimama kimya pande tatu za jiwe, rangi ya chai ya maziwa, na nyoka mwembamba akiogelea kuelekea kwetu, na bibi akimsukuma kwa fimbo bila kumuua. Ninakumbuka uzito wa kile kibuyu. Miaka miwili baadaye nilipokelewa na mapadre, na nilipoulizwa kama nimewahi kushiriki tambiko nilijibu hapana. Juu ya jibu hilo nilijenga kila kitu kingine.

Tulikibeba kimo cha ule ufa kwa siku tatu, kijiti kwa kijiti, hadi barabarani. Tulipofika pale palipokusudiwa viwanja, Fundi alisimamisha ufito wa kupimia, nikashika ncha ya mpira, maji yakatulia. Yalitulia sawa na kifua changu.

Fundi Masanja aliangalia muda mrefu bila mzaha. "Hapa mtu mzima anabaki na kichwa," akasema. "Mtoto habaki na kitu. Andika hiyo, Katekista."

Niliandika daftarini. Kwenye ramani sikuchora.

Nataka ujue jinsi ilivyokuwa, kwa sababu hapakuwa na mapambano. Nilikaa kwenye meza hii na kalamu ya wino. Nilijiambia: shahidi ni mmoja, na sheria inataka wawili. Nilijiambia: ramani itatundikwa ofisini, na mahali pa masamva patakuwa juu yake kwa mwandiko wa katekista. Nilijiambia kwamba mtoto wa miaka tisa haaminiki. Kisha nikauchora mstari chini ya barabara, ukapendeza, nikaupaka rangi ya buluu, nikaukata ule ukurasa wa daftari kwa wembe na kuuweka ndani ya kitabu changu cha sala. Nililala vizuri. Fundi aliponiuliza, nilimwambia wakubwa wa wilaya wamelikataa jiwe. Akalaani kidogo, akaamini. Sasa yuko Mwanhuzi, anajenga, na anaamini hivyo hadi leo.

Wiki ile viwanja vilipogawiwa, kaka yako Laurenti alikuja hapa, amefurahi, shati lina vumbi la barabara.

"Baba, nimepata cha tatu kutoka ghalani. Mstari wako unapita wapi?"

"Nyuma ya kiwanja chako, ukishuka hatua arobaini."

"Kwa hiyo niko juu?"

"Uko juu."

Alinishukuru. Akasema, "Basi naanza kufyatua matofali kesho." Nikambariki.

Likizo iliyofuata ulikuja, ukasimama mbele ya ramani ofisini, ukasema, "Baba, umechora kama mtu wa chuo." Siku hiyo ulianza kusema kwamba utasomea upimaji. Niliipokea sifa yako. Ninayo hata sasa. Sijui pa kuitua.

Maji unayajua. Lakini hukuwapo, na kila mtu amekusimulia kipande chake, kwa hiyo nitakusimulia changu. Mvua ilikuwa imenyesha kwa majuma, huku na kule juu, na ilikuwa Jumapili ya Majilio. Nilikwenda kupiga kengele ya ibada asubuhi, na nilipoishika kamba niliona mbuga haina rangi yake. Hakukuwa na kishindo. Mto haukuja kama mnyama. Ulikuwa umekwisha kufika, umesimama, unapanda polepole kama maji yanavyopanda katika mpira wa fundi. Nilipiga kengele mpaka mikono ikachubuka, na watu wakadhani ninawaita sala.

Laurenti alimtoa mkewe Agnesi na mtoto kwanza, akawavusha hadi njia ya kilimani mtoto akiwa mabegani. Akarudi kumsaidia jirani kumtoa mama yake mgonjwa. Nyumba ya matofali mabichi haibomoki kwa kupigwa na maji. Hunywa, ikilainika hukaa chini. Ukuta ulikaa chini juu yake na juu ya yule mama. Maji pale yalikuwa yamefika kifuani kwa mtu mzima. Nilijua yatafika pale kabla sijaambiwa.

Mchana nilizunguka kwa njia ya kilimani kutafuta watu. Juu ya jiwe walikuwapo watu tisa na mbuzi, na Sengi Minza katikati yao ameketi, miguu yake imekunjwa. Maji yalikuwa kwenye ufa. Si juu yake wala si chini yake. Alikuwa amekwisha kupata habari za Laurenti. Habari huvuka maji. Alinitazama nikisimama pale na viatu mkononi.

"Masunga," akasema, bila hasira, "mashahidi sasa wametosha?"

Wale watu hawakuelewa. Walidhani ni maneno ya mama mzee aliyechoka.

Niliongoza sala za maziko ya mwanangu. Watu walisema nina imani kubwa kwa kuwa sauti yangu haikutetemeka. Haikutetemeka kwa sababu hakukuwa na kitu cha kuitetemesha. Nilisoma kila neno mahali pake. Nilirudi nyumbani nikala. Mama yako alilia hadi akaugua, nami nilimpa dawa kwa saa zake. Tangu siku ile ndivyo nilivyo, mwanangu. Huenda umeona, ukafikiri ni uzee. Ninawabatiza watoto, ninafundisha, ninapanda pamba, na mkono wangu unafanya yote hayo kama mkono uliolaliwa. Sikuandikii haya ili unihurumie. Hata sasa, ninapokuandikia jina la kaka yako, ninatazama kama mwandiko umenyooka.

Sengi Minza alifariki mwaka uliofuata kitandani kwake. Alizikwa karibu na jiwe na watu wake. Mimi nilisimama nyuma. Sikusali kwa sauti, na unga uliponifikia niliupitisha kwa jirani yangu bila kuutazama.

Mwezi mmoja uliopita niliungama. Padre alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mzee Yohana, Mungu amekwisha kusikia. Ile karatasi ukutani bado haijasikia." Nikamwomba anipe malipizi, sala, kufunga, lolote. Akasema hilo ndilo. Nilitoka nikijua nifanye nini, na nimekaa mwezi mzima bila kukifanya, mpaka mwenyekiti aliposema "mstari uwe uleule" nawe ukanitetea.

Sasa unielewe vizuri kwa nini jambo hili halijapita. Watu wamekwisha kuyaona maji yakifika jiweni, hilo hawalikatai. Wanachosema ni kwamba yalikuwa ya mara moja tangu dunia iumbwe. Wamechoka kubanana, bei ya pamba iko barabarani, na vijana wamekwisha kusafisha misingi ya zamani. Agnesi mwenyewe aliniuliza juzi kama anaweza kukirudia kiwanja cha mumewe, kwa ajili ya mtoto. Nilimwambia asubiri. Akaniuliza asubiri nini, nikasema nitamjibu. Maji yale yakiwa ya mara moja, wana haki ya kurudi. Yakiwa yamewahi kuja kabla, na kabla ya hapo tena, basi yana njia yao na zamu yao, na anayelijua hilo akanyamaza anawajengea watu kaburi. Sengi Minza alilisema hilo, na yumo katika ukurasa uliokatwa. Shahidi mmoja.

Huko uendako watakufundisha vyombo ambavyo sikuviona hata katika ndoto. Nimesikia siku hizi wanapima nchi kwa picha zilizopigwa kutoka angani. Jifunze vyote. Lakini utakutana tena na karatasi tupu, maana nchi yetu ni kubwa na wapimaji ni wachache, na utalazimika kuuliza watu, kama nilivyouliza mimi. Nilikosea mahali pamoja tu, napo palitosha: nilimtazama Sengi Minza usoni kujua ni nani, wakati nilipaswa kutazama kidole chake kilipo. Na nilipopungukiwa na shahidi, nilitazama kila nyumba kijijini isipokuwa yangu. Zaidi ya hayo sina la kukufundisha katika kazi hiyo.

Sijui utakaposoma haya utaniitaje. Utayasoma ukishafika mbali, kwa sababu bahasha hii nitaichomeka ndani ya lile bomba, pamoja na ramani, na sitakuambia. Huo ni woga, nami naukiri. Kesho ukiniaga nitakuwekea mkono kichwani kama kawaida, na utaniita baba bado hujajua. Nimejiruhusu hilo moja la mwisho. Ukiisha kusoma, ukiona vema kutoniandikia kwa muda, usiandike. Mwandikie mama yako.

Yeye na Agnesi nitawaambia mimi mwenyewe kesho, gari lako likishaondoka. Jumapili nitasimama kigangoni baada ya masomo, na nitakwenda kwa mwenyekiti na ufito wa Fundi Masanja, ambao bado uko nyuma ya jiko. Sitawaomba wakungoje wewe. Lakini mstari mpya uchore wewe, kwa mkono wako, nao upite kwenye jiwe. Uliandike jiwe hilo kwa jina lake: jiwe la Minza, mahali pa masamva, mwisho wa maji. Usiyafiche maneno hayo kwa ajili yangu.

Ukurasa uliokatwa nimeubandika nyuma ya karatasi hii kwa gundi ya unga. Kidole gumba chake kimefifia kidogo, lakini mistari yake inasomeka. Chini yake nimeacha nafasi, na sasa naijaza, ili sheria yangu mwenyewe itimie.

*Mimi, Yohana Masunga, nilikuwa na umri wa miaka tisa. Maji yalifika kwenye ufa wa jiwe. Nilikuwapo. Nilikuwa nimebeba unga.*